Kakungulu na Masaza ya Mashariki
Wagisu wa Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulijitawala. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 akaja Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewatumikia Waingereza. Alijenga Mbale, akagawa nchi kwa masaza, yaani kaunti, kwa mfano wa ufalme wa Buganda, na uchifu akawapa Waganda wenzake. Wenyeji wakatozwa kodi na mabwana wasiowachagua. Sifa ya ujenzi isifiche hilo.

Waingereza nao walichelea nguvu zake. Mwaka 1906 wakamhamishia Jinja aongoze baraza la machifu wa Busoga, hadi 1913. Alirudi Mbale, akaanzisha jumuiya ya Kiyahudi ya Abayudaya mwaka 1919, akafariki 1928. Machifu wa Kiganda waliondolewa, lakini saza lingali ngazi ya utawala chini ya wilaya.