Safu ya Lugha: Wima si pembe mraba

Mwanafunzi anachora mistari miwili iliyoinama, inakatana kwa nyuzi 90 barabara, kisha anaambiwa hapo hakuna pembe mraba kwa kuwa hakuna mstari uliosimama wima. Anaonewa. Wima ni mkao wa kitu kilichosimama kuelekea juu, kama nguzo ya umeme. Mwenzake ni mlalo. Pembe mraba haijali juu wala chini, inaangalia mistari miwili inavyokutana. Geuza daftari upendavyo, nyuzi zitabaki 90.

Mafundi ujenzi hawayachanganyi mambo haya. Ukuta huupima kwa timazi, ule uzi wenye kipande cha chuma nchani, wajue kama umesimama wima. Kona ya msingi, ambayo imelala chini, huipima kwa kamba: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na kutoka alama hadi alama ziwe futi 5 kamili. Zikizidi, kona imepanuka na kuwa pembe butu. Zikipungua, imebana, ni pembe kali.

Mraba ni neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa robo na arobaini, na mzizi wao ni nne. Wapo wanaosema "pembe ya kulia", tafsiri sisisi ya Kiingereza. Ya kushoto ni ipi, basi?

Kwenye mchoro, pembe mraba huwekewa kijisanduku konani. Kisipokuwapo, shika kipimapembe, maana nyuzi 88 kwa macho matupu hazina tofauti na 90.