Safari Ina Mwenyewe, Desturi Haina: Mtoro bin Mwinyi Bakari na Suala la Jina katika Utafiti wa Vyuo Vikuu

Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli. Ndani yake kila masimulizi yana jina la aliyesafiri. Selim bin Abakari, aliyefika hadi Urusi na Siberia, yumo kwa jina lake. Sleman bin Mwenyi Tshande na Abdallah bin Rashid wamo. Yumo pia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeeleza safari yake ya Udoe na Uzigua. Miaka miwili baadaye Velten alitoa Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya kitabu hiki cha pili imetokana na kalamu ya Mtoro huyohuyo, na Velten hakulificha jambo hilo katika dibaji. Hata hivyo, msomaji anayetazama ukurasa wa anwani hukuta jina moja tu, la mkusanyaji.

Haitoshi kusema kwamba Velten alikuwa mtu wa zama zake na kwamba wakoloni hawakuwathamini watu wao. Mhariri ni yuleyule, mwandishi ni yuleyule, na kati ya vitabu hivi viwili kuna miaka miwili tu. Kilichobadilika ni aina ya maandishi. Safari ilihesabiwa kuwa tukio la mtu, hivyo haikuweza kusimama bila mwenyewe. Desturi ilihesabiwa kuwa mali ya kabila, kitu ambacho yeyote kati ya wenyeji angeweza kukisema vilevile. Mwenye kukisema akawa chombo tu, na sifa ikaenda kwa aliyekikusanya na kukipanga. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo, ambao ni uamuzi wa kinadharia kabla ya kuwa suala la adabu, bado unaongoza namna vyuo vikuu vinavyosimamia utafiti wa lugha na fasihi, na kwamba kanuni za maadili tulizozipokea baadaye hazikuuondoa. Mahali pengine zimeuimarisha.

Inafaa kwanza kuutazama muundo wa taasisi yenyewe. Seminari ya Berlin ilianzishwa mwaka 1887 ili kuwaandaa watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wamisionari kwa lugha za nchi walizokusudia kwenda. Mjerumani alifundisha sarufi; mzungumzaji wa lugha aliajiriwa kumsaidia kwa matamshi, usomaji na mazungumzo. Kabla ya Mtoro aliwahi kuwapo huko Amur bin Nasur kutoka Zanzibar. Mtoro, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo na mtu aliyesomea elimu ya Kiislamu, alifika Berlin mwaka 1900. Cheo chake kilikuwa cha msaidizi. Kazi aliyoifanya, kwa vipimo vya leo, ilikuwa ya mtafiti: kueleza unyago, ndoa, utumwa, uganga, ngoma, deni na mirathi ya watu wa Mrima kwa mpangilio na kwa nathari ambayo hadi leo wanaisimu hurejea kwake kama mfano wa Kiswahili cha pwani cha karne ya kumi na tisa.

Pengo baina ya cheo na kazi halikuwa ajali ya kiutawala. Aliyeitwa msaidizi hakuwa na haki ya kuamua maandishi yatoke lini, kwa anwani gani, wala yatafsiriwe vipi. Tafsiri ya Kijerumani ilitoka mwaka huohuo wa 1903, nayo pia kwa jina la Velten. Wala cheo hicho hakikumpa kinga. Mwaka 1904 Mtoro alioa mwanamke Mjerumani. Mwaka uliofuata, akiwa ameacha kazi ya Seminari, alisafiri na mkewe kurudi Afrika Mashariki, na utawala wa koloni haukuwaruhusu kushuka na kuishi huko kama mume na mke. Ikabidi warudi Ujerumani. Mtu aliyewaeleza Wajerumani namna Waswahili wanavyooana alizuiwa kuingia kwao na mke wake wa ndoa. Kuanzia mwaka 1909 alifanya kazi Hamburg, katika Taasisi ya Kikoloni, chini ya Carl Meinhof, tena kwa cheo cha msaidizi wa lugha. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Historia ya kitabu baada ya hapo inasomeka vizuri zaidi katika kurasa za anwani kuliko katika dibaji. Mwaka 1965 Lyndon Harries alitoa mkusanyo wa nathari ya Kiswahili uliotegemea maandishi hayo, na anwani yake ndogo iliyaita data iliyokusanywa na Carl Velten kati ya mwaka 1893 na 1896. Tanganyika ilikwisha kuwa huru. Mkusanyaji alikuwa bado ndiye mwenyewe. Ilipofika mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ikasema wazi kwamba desturi hizo ni za Mtoro bin Mwinyi Bakari “na Waswahili wengine”. Ilichukua miaka 78. Na hata katika marekebisho hayo, hao wengine wamebaki bila jina.

Tungetarajia kwamba kukua kwa maadili ya utafiti katika nusu ya pili ya karne ya ishirini kungelimaliza tatizo hili. Mambo hayakwenda hivyo, kwa sababu maadili hayo yalizaliwa hospitalini. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 na Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 yaliwekwa ili kumlinda mgonjwa na mwili wake dhidi ya daktari na mtafiti. Kwa mgonjwa, kufichwa jina ni heshima. Vyuo vikuu vilipoyafanya masharti hayo kuwa ya fani zote, mwanafunzi wa fasihi anayekwenda uwandani alipewa fomu ya ridhaa yenye roho ileile: jina la mhojiwa litahifadhiwa kwa siri, naye atatambulishwa kwa namba. Hivyo malenga anayetunga kwa jina lake, na aliyekulia katika jadi ambayo mtunzi wa utendi hujitaja mwenyewe na mara nyingi tarehe yake katika beti za mwisho, huingia katika tasnifu akiwa “Mtoataarifa wa 7”. Mtafiti ametii kanuni kikamilifu. Matokeo ni yale ya mwaka 1903, ila safari hii hata dibaji haina jina.

Istilahi zetu zinashiriki katika hili. Mhojiwa na mtafitiwa ni nomino zilizojengwa juu ya kauli ya kutendwa. Anayetenda ni mtafiti peke yake. Mtoataarifa angalau anatenda, lakini anachotoa ni taarifa, kitu kisicho na mtunzi. Hatuna katika fomu zetu neno la mtu ambaye maneno yake ndiyo matini inayochambuliwa, ilhali lugha imejaa maneno hayo: mtunzi, msimulizi, manju, fanani.

Sheria nazo zimeelemea upande mwingine. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2016 inayolinda maarifa asilia na sanaa za jadi zimeweka ulinzi wa maana dhidi ya unyang’anyi wa kibiashara. Lakini ngano au wimbo unapotajwa kuwa wa jamii, swali la nani aliyeusimulia siku ile na kwa ufundi gani hubaki kwenye utaratibu wa chuo. Vibali vya COSTECH na NACOSTI humruhusu mtafiti kufanya kazi nchini. Haviwezi kumwandikia ukurasa wa shukrani.

Kwa maoni yangu, mabadiliko yanayohitajika ni madogo kiutawala na makubwa kitaaluma. Fomu ya ridhaa katika fani za lugha na fasihi iulize, kabla ya kutaja usiri, kama mhusika anataka jina lake litajwe, na kwa tahajia ipi. Msimamizi wa tasnifu adai matini iliyorekodiwa iorodheshwe kwa jina la fanani pale alipokubali, sawa na diwani iliyochapishwa inavyoorodheshwa kwa jina la mshairi. Maktaba zinazohifadhi kanda na nakala zimfanye msimulizi kuwa ingizo kuu la katalogi. Litabaki suala gumu la wale ambao jina lingewatia hatarini: mwimbaji wa tungo za siasa, mwanamke anayeeleza siri za unyago ambazo wenzake hawakuridhia zitolewe. Kwao usiri ni ulinzi wa kweli, na hapo bodi ya maadili ina kazi ya kupima kesi moja moja, kazi ambayo haiwezi kufanyika ikiwa fomu imekwisha kuamua kwa niaba ya wote kwamba hakuna mwenye jina.