Nyumba za Magurudumu Chini ya Mlima Meru

Makaburu walioanza kufika Arusha mwaka 1904 walikuja na nyumba zao zikivutwa na maksai. Vita vyao na Waingereza huko Afrika Kusini vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma, wengi wao wakiwa wamepoteza mashamba, na serikali ya Wajerumani ikawaruhusu kuhamia nchi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro. Walishuka melini Tanga, wakafunga nira, wakaanza kupanda kuelekea bara. Gari la aina hiyo lilihitaji maksai 16 hivi, wawili wawili, na watu wa kuwaongoza kwa miguu. Nyuma, chini ya turubai lililotandwa juu ya matao ya mbao, kulikuwa na kitanda cha fremu kilichosukwa kwa kanda za ngozi. Mbele kulikuwa na kasha la vyakula ambalo mwendeshaji alilifanya kiti. Kiangazi kilipokausha mbao, gurudumu lilisinyaa na pete yake ya chuma ikalegea, kwa hiyo penye mto familia iliyaloweka magurudumu mpaka mbao zivimbe na kushika tena. Watoto walizaliwa humo, wagonjwa wakalazwa humo, na familia ikaishi humo mpaka nyumba ya udongo ilipokamilika.

Hiyo ndiyo nyumba ya magurudumu ya mwanzo kwenye miteremko ya Meru, na haikufika mahali pasipo na wenyewe. Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilijengwa karibu na mwaka 1900 kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru, baada ya misafara ya kijeshi iliyochoma nyumba na kuswaga mifugo. Ardhi waliyopewa walowezi ilikatwa kutoka ardhi ya watu hao. Jeraha hilo lilifumuka upya mwaka 1951, Waingereza walipowahamisha kwa nguvu Wameru takriban 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko ya watu wake. Anayesimulia historia ya safari za anasa kaskazini mwa Tanzania akaiacha habari hiyo, amesimulia nusu.

Injini ilikuja upesi baada ya maksai. Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akikusudia kulivuka bara mpaka Swakopmund kwenye bahari ya Atlantiki. Gari lake lilitengenezwa kwa agizo maalumu katika kiwanda cha Gaggenau, kusini mwa Ujerumani, likainuliwa juu sana ili lipite visiki na mawe. Aliwasili tarehe 1 Mei 1909. Katika miezi hiyo 21 kasoro siku chache, sehemu kubwa ya muda aliitumia kungoja spea zitoke Ulaya kwa meli na kufikishwa kwake porini. Kila dereva wa Arusha wa leo anaielewa adha hiyo bila kuelezwa. Jina la Gaggenau nalo halikupotea: kuanzia mwaka 1951 hadi 2002 mji huo ndio uliotengeneza Unimog, lori dogo lenye ekseli zilizoinuliwa juu ya kitovu cha gurudumu, ambalo wapenda safari ndefu wa Ujerumani hulitafuta hadi leo.

Huko kwao Wajerumani waliichukua nyumba ya magurudumu kwa njia nyingine. Mwaka 1931, katika mji mdogo wa Isny, Arist Dethleffs, wa familia iliyokuwa na kiwanda cha mijeledi na fimbo za kuteleza kwenye theluji, alijenga nyumba ya kukokotwa na gari ili Fridel Edelmann, mchoraji aliyekuwa mchumba wake, aweze kusafiri naye katika safari zake za biashara. Mwaka 1951 kiwanda cha Westfalia kikatoa kasha lenye kitanda, kabati na jiko la kupachikwa ndani ya kombi ya Volkswagen, gari lililokuwa limeanza kutengenezwa mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 1957, huko Bad Waldsee, Erwin Hymer akaanza kujenga nyumba za kukokotwa akishirikiana na mhandisi Erich Bachem. Baadaye akaingia kwenye magari yenye chumba, jiko na choo chini ya paa moja. Majina hayo ya Dethleffs, Westfalia na Hymer ndiyo Mjerumani wa kawaida bado anayapima anapotaka kununua gari la aina hiyo. Mteja wao tangu mwanzo alikuwa familia ya baba, mama na watoto wawili, isiyo na mpishi wala mtumishi, inayotaka kulala ziwani bila kulipa hoteli.

Arusha ilikuwa na hesabu tofauti kabisa. Reli ilipofika kutoka Moshi mwaka 1929, na New Arusha Hotel ikiwa tayari inapokea wageni, mji ulishakuwa kituo cha kufungia mizigo ya wawindaji matajiri. Mgeni alipanda gari dogo lililoondolewa milango. Nyuma yake lilikuja lori lenye mahema, vyakula, maji, mapipa ya petroli na watu: mpishi, wasaidizi wake, wachunaji ngozi, wafuatilia nyayo, fundi. Wakifika kambini, nyumba ilisimamishwa na mikono yao kabla mgeni hajamaliza chai. Ujira wao ulikuwa mdogo mno, na ndio ulioifanya nyumba ya magurudumu isihitajike. Kwa nini kitanda kibebwe ndani ya gari wakati wapo watu wa kukitandika chini?

Mgawanyo huo, gari la kutazamia upande mmoja na kambi upande mwingine, ndio uliotengeneza umbo la gari la safari tunalolijua. Ni gari lenye viti na madirisha, lisilo na kitanda. Kazi ya kupika, kutandika na kulinda ilibaki kwa watu, na mpaka sasa maelfu ya familia za Sakina, Kijenge, Usa River na Mto wa Mbu zinaishi kwa kazi hizo, ingawa mpishi wa leo ana cheti na anajua kudai malipo yake.

Momella, upande wa mashariki wa mlima, Wajerumani waliacha alama zaidi. Margarete Trappe alifika Meru na mumewe mwaka 1907, akafuga na kuwinda huko, akapoteza na kupata tena ardhi kupitia vita viwili vya dunia, akafariki mwaka 1957. Miaka michache baadaye kampuni ya Hollywood ilikuja kupiga filamu ya Hatari! maeneo hayohayo, na ikatoka mwaka 1962. John Wayne alicheza kama mkamata wanyama, lakini walioiona filamu hiyo katika sinema za Arusha walilikumbuka pia lori la kukamatia, lenye kiti kilichofungwa mbele juu ya bampa na mtu aliyekaa hapo na kitanzi, likimfukuza faru. Mwigizaji Hardy Krüger, mzaliwa wa Berlin, aliipenda nchi hiyo kiasi cha kununua shamba Momella, akajenga hoteli na kukaa mpaka mwaka 1973. Sehemu kubwa ya eneo hilo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto.

Lakini gari la Kijerumani lililobeba watalii wengi zaidi kaskazini halikuwa na uhusiano na Momella. Lilikuwa kombi ya Volkswagen, iliyotobolewa paa ili abiria wasimame na kamera zao, na ilitoka Nairobi. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, mgeni alitua Nairobi, akapita Namanga, akaona Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kisha akarudi Kenya kupitia Maasai Mara. Tanzania ilikuwa na wanyama na vumbi. Hoteli za mwanzo na mwisho, kampuni na gereji zilikuwa Nairobi. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971 kwa nia ya kuukata mnyororo huo, nao haukukatika.

Ulioukata ni mpaka. Tarehe 4 Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inasambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Magari ya kitalii ya Kenya yaliyokutwa upande huu yalizuiliwa. Hasara ilikuwa kubwa mwanzoni: wageni walipungua, hoteli za serikali zikalala tupu, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni. Spea za kuagiza zikawa adimu kuliko sukari.

Hapo ndipo mafundi wa Arusha wanapostahili nafasi yao katika historia, nafasi ambayo hawajapewa vya kutosha. Land Rover lililovunjika springi halikuweza kusubiri meli. Chuma kilitafutwa kwenye gari lililokufa, kikakatwa, kikapashwa moto, kikapindwa na kufungwa upya, bushi zilikerezwa, tenki lililotoboka likachomelewa. Mpaka ulipofunguliwa tena Novemba 1983, baada ya makubaliano yaliyofikiwa mjini Arusha kwenyewe, mji ulikuwa umeshalea kizazi cha wachomeleaji, mafundi bodi na wakereza vyuma. Mwaka huohuo kikaanzishwa chama cha mawakala wa utalii, TATO, kikaweka makao yake Arusha. Biashara binafsi ilipolegezewa kamba katikati ya miaka ya 1980, kampuni mpya hazikuhitaji kwenda Nairobi kutafuta gari.

Ufundi huo ulipopata Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizotoka Japani kuanzia mwaka 1984, ukazaa gari ambalo kwa haki linaweza kuitwa la Arusha. Huanza kama pikapu. Fundi hupima katikati ya ekseli mbili, hukata chasisi, huongeza kipande cha chuma kinene na kuchomelea kwa kukifunga na vibao vya ubavuni ili pasipasuke penye kiungo. Shafti nayo hurefushwa na kusawazishwa, maana ikipinda kidogo tu gari zima litatetemeka. Kisha hujengwa kizimba cha mabomba ya mraba, hupigwa bati, hupachikwa madirisha ya kuteleza, kiti kimoja kwa dirisha moja, friji ndogo, soketi za kuchajia kamera, na paa linaloinuliwa kwa nguzo likabaki kama mwavuli. Gereji kubwa kama Hanspaul zimeifanya kazi hiyo kuwa ya kiwandani, na magari kadhaa ya kitalii yameshatolewa injini ya dizeli na kuwekwa mota ya umeme.

Mwenye kampuni Arusha anapochagua gari, anaanza na injini. Kwa miaka mingi jibu limekuwa 1HZ ya Toyota, silinda 6, lita 4.2, isiyo na turbo, ambayo fundi wa Karatu anaweza kuifungua na kuifunga bila kompyuta. Anauliza springi zimepangwa majani mangapi, tenki la pili lina ujazo gani, na spea ya shokapu inapatikana duka gani. Rangi na viti hufuata baadaye.

Mjerumani anayetaka kuja Meru na nyumba yake hukutana na maswali hayohayo. Gari jipya la Hymer au Dethleffs limejengwa kwa lami na kwa kambi zenye umeme na bomba la maji machafu. Mawimbi ya barabara za vumbi hulegeza kabati zake na tumbo lake hugonga mawe. Kuna pia suala la mafuta. Injini za dizeli za viwango vipya vya Ulaya zimeundwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2015 ni 50, na mitambo ya kusafishia moshi ya injini hizo ni dhaifu mbele ya salfa. Ndiyo maana yanayoonekana Arusha yakiwa na namba za Ujerumani mara nyingi ni Unimog ya zamani, lori la MAN au Mercedes kuukuu lililobebeshwa chumba cha paneli, yakiwa na matairi mawili ya akiba nyuma na injini ya enzi ya kabla ya kompyuta.

Wengi wa wenye magari hayo huegesha Meserani, kilomita 25 hivi magharibi mwa mji, penye hifadhi ya nyoka na kambi iliyopokea wasafiri wa barabara ndefu tangu miaka ya 1990. Hupanga kwenda Ngorongoro, kisha hupiga hesabu. Ada ya gari lenye namba za kigeni hifadhini hupanda kadiri ya uzito, na nyumba ya tani saba ni nzito. Njia ya kushuka kreta nayo ni nyembamba na yenye mteremko mkali. Hesabu ikikamilika, wengi huifunga nyumba yao, huiacha chini ya ulinzi wa askari wa kambi, na kukodi Land Cruiser iliyochomelewa Arusha, pamoja na dereva wake na mpishi.