Kamusi ya Krapf na Mwanafunzi wa Kiingereza Kisauni

Makazi ya Freretown, Kisauni, yalianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mwaka 1882 ilichapwa London kamusi ya Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa chama hichohicho aliyefariki mwaka uliotangulia. Ilifasili maneno ya Kiswahili kwa Kiingereza na kuyatolea sentensi za mfano. Aliyekusudiwa ni mgeni. Mwenyeji aliyejifunza Kiingereza alikabiliwa na tatizo la kinyume: mpunga, mchele na wali vyote huitwa ‘rice’. Kisawe peke yake hakimtoshi. Sentensi ndiyo inayobainisha maana. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 1996, ilizingatia mahitaji ya mwenyeji huyo.