Kutoka Chumba cha Giza hadi Skrini: Toni ya Picha Nyeusi na Nyeupe kama Ushahidi wa Kihistoria

Jina "picha nyeusi na nyeupe" huficha ukweli kwamba nyingi ya picha hizo zina toni, yaani mwelekeo wa kahawia, zambarau au buluu. Makala haya yanafuatilia historia ya toni hiyo na kudai kwamba ni sehemu ya ushahidi, si pambo tu.

Mwaka 1840, mwaka mmoja baada ya uvumbuzi wa Daguerre kutangazwa Ufaransa, Hippolyte Fizeau alitumia chumvi ya dhahabu kuimarisha picha. Mwaka 1850 Blanquart-Evrard alitangaza karatasi ya ute wa yai. Picha za karatasi hiyo zilitiwa dhahabu kwa kawaida, zikapata rangi ya kahawia iliyokaribia zambarau. Katika utiaji wa sepia, salfa iligeuza fedha kuwa salfaidi ya fedha, ambayo hustahimili miaka zaidi. Toni, basi, ilikuwa kinga na pia urembo.

Kwenye printa, kazi ya kemia imechukuliwa na vipimo. Mwaka 1993 kampuni kadhaa ziliunda Muungano wa Kimataifa wa Rangi, ICC, uliosanifisha profaili: faili inayoeleza jinsi printa, wino na karatasi fulani vinavyotoa rangi. Kwa kutumia profaili, kompyuta huonyesha prufu ya skrini, yaani sura ya picha kabla haijachapishwa. Hata hivyo, skrini hutoa mwanga ilhali karatasi huurudisha tu. Prufu isiyoiga weupe wa karatasi na udhaifu wa weusi wa wino humpotosha mtazamaji.

Picha yenye toni ina ugumu wa ziada. Printa nyingi huchapa picha za kijivu kwa mchanganyiko maalumu wa wino, hivyo profaili ya picha za rangi haiwakilishi matokeo yake. Njia ya kuaminika ni kuchapa ngazi za kijivu, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, kwa toni, wino na karatasi zilezile, kisha kupima kila ngazi na kuunda profaili yake. Vipimo hivyo huweza kudhihirisha kwamba toni ya sehemu za giza si ile ya sehemu za mwanga.

Suala hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mkusanyo wa Winterton, katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, una maelfu ya picha za eneo hili za kati ya 1860 na 1960. Nakala ikichapwa kwa kijivu kitupu, dalili ya mbinu na ya kipindi hupotea. Zote zikipakwa sepia, picha ya miaka ya 1950 huonekana kama ya miaka ya 1870. Isitoshe, umanjano wa ute uliozeeka si toni aliyoikusudia mpiga picha. Profaili hupima rangi iliyopo. Kutenganisha kusudi la fundi na athari ya miaka hubaki kazi ya mwanahistoria, na uamuzi wake unapaswa kuandikwa kando ya kila nakala.