Shule Katika Banda la Farasi

Kila mwalimu ajua ya kuwa shule ya mjini hupata walimu upesi, bali shule ya shamba hungoja. Leo nataka kuwasimulia habari za masista wa Australia walioishika kazi hiyo ya mashamba, na mambo yaliyowapata kwa ajili yake.

Mary MacKillop alizaliwa Melbourne mwaka 1842, mzaliwa wa kwanza wa wazazi waliotoka Scotland. Nyumbani kwao mara nyingi hapakuwa na kitu, naye akaanza kazi ya mshahara angali kijana ili awatunze wadogo zake. Mwaka 1860 alikwenda Penola, kijiji cha Australia ya Kusini, kuwafundisha watoto wa jamaa zake. Alipoona watoto wa wakulima wa jirani hawana mwalimu, aliwaingiza na hao darasani. Huko ndiko alikoonana na Padre Julian Tenison Woods, ambaye parokia yake ilikuwa kubwa mno, na watoto wengi humo hawajui kusoma. Basi mwaka 1866 wawili hao walianzisha shirika la Masista wa Mtakatifu Yosefu. Darasa lao lilikuwa banda la farasi, lililotengenezwa upya na nduguye Mary.

Sheria yao ilikuwa ngeni siku zile. Hawakukusanyika katika nyumba kubwa, bali walikwenda wawili wawili au watatu watatu, wakakaa katika vijumba kama vya wenyeji. Mtoto asiyeweza kulipa ada hakufukuzwa. Hapo mwanzo hata piano hawakuifundisha, kwa maana masomo hayo yalikuwa ya watoto wa matajiri. Hata mwaka 1871 walikuwa kama masista 130, na shule na nyumba zao za huruma zilizidi 40.

Ndipo yakaja mashindano: nani awatawale? Askofu Sheil wa Adelaide alitaka kuibadili sheria, kila nyumba iwe chini ya padre wa mahali pale. Mary alishika ya kuwa masista wote wawe chini ya mama mkuu mmoja. Sisi walimu twaweza kuiona maana yake. Masista wawili walio peke yao nyikani, wasipokuwa na mkuu anayewajua wote, nani atawapelekea wa tatu mmoja wao akiugua? Na kijiji kisicho na kitu kitampata kwa nani mwalimu?

Tarehe 22 Septemba 1871 Askofu alimtenga Mary na Kanisa kwa kosa la kutotii. Umri wake ulikuwa miaka 29. Masista wengi waliondolewa shirikani, na shule nyingi zikafungwa. Aliyewapa nyumba bila kodi masista waliokosa pa kulala alikuwa Emanuel Solomon, mfanyabiashara Myahudi. Mwezi wa Februari 1872 Askofu, akiwa mgonjwa wa kufa, aliiondoa adhabu ile. Naye akafariki mwanzo wa Machi.

Mwaka 1873 Mary alisafiri mpaka Roma kuitetea sheria yake. Wakuu wa huko waliilegeza kidogo sheria ya ufukara, walakini utawala wa mama mkuu mmoja waliukubali, na mwaka 1888 Papa Leo XIII aliliidhinisha shirika lote. Mary alifariki Sydney tarehe 8 Agosti 1909. Tarehe 17 Oktoba 2010 alitangazwa mtakatifu, wa kwanza kutoka Australia.

Mabibi na mabwana, watu hupenda kuanza habari za shule kwa kutaja jengo. Masista hawa walianza katika banda. Walichokuwa nacho ni mwalimu aliye tayari kuishi kama wazazi wa wanafunzi wake, na mkuu mmoja aliyeweza kumpeleka penye shida na kumsaidia akiisha kufika. Pasipo mkuu huyo, mwalimu wa shamba huchoka peke yake, akarudi mjini. Na watoto hubaki kama walivyokuwa.