Daytona 500

Daytona 500 ni mashindano ya mbio za magari yanayofanyika kila mwaka mwezi wa Februari huko Daytona Beach, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Ni mbio mashuhuri kuliko zote za NASCAR, shirika linalosimamia mbio za magari yenye umbo la gari la kawaida la abiria. Madereva huzunguka uwanja mara 200, yaani maili 500 (takriban km 805), na ndiko jina lilikotoka.

Historia

Hapo awali magari yalishindana ufukoni: kwenda juu ya mchanga, kurudi kwa barabara ya lami. Bill France, aliyeanzisha NASCAR mwaka 1948, alijenga uwanja wa maili 2.5 wenye kona zilizoinuliwa kwa nyuzi 31, ili magari yaweze kupinda bila kupunguza sana mwendo.

Mbio za kwanza zilifanyika tarehe 22 Februari 1959. Johnny Beauchamp alitangazwa mshindi, lakini baada ya siku tatu za kuchunguza picha ushindi ulipewa Lee Petty. Mwanawe, Richard Petty, alishinda mara 7, rekodi ambayo haijafikiwa.

Mwaka 1979 mbio zilionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza. Katika mzunguko wa mwisho Cale Yarborough na Donnie Allison, waliokuwa mbele, waligongana. Richard Petty akapita na kushinda, huku watazamaji wakiwaona madereva wakipigana ngumi uwanjani.

Kifo cha Earnhardt

Dale Earnhardt alikuwa bingwa wa NASCAR mara 7, lakini Daytona 500 ilimponyoka kwa miaka mingi. Aliposhinda mwaka 1998, katika jaribio lake la 20, mafundi wa timu pinzani walijipanga kumpa mkono. Tarehe 18 Februari 2001 gari lake liligonga ukuta katika kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho, akafariki. Msimu huo mashabiki waliinua vidole vitatu kila ulipofika mzunguko wa tatu, kwa kuwa gari lake lilikuwa namba 3.

Msiba huo ulibadilisha mchezo wenyewe. Mwaka huohuo kifaa cha kuzuia kichwa na shingo visitupwe mbele kilifanywa cha lazima, na baadaye kuta za viwanja zikawekewa vizuizi vinavyopunguza nguvu ya mgongano.

Desturi

Tangu 1982 Daytona 500 hufungua msimu, tofauti na michezo mingi ambayo huacha shindano kubwa mwisho. Mshindi hupewa kombe la Harley J. Earl, lakini gari lake halirudi nyumbani: huonyeshwa hapohapo uwanjani kwa mwaka mzima likiwa vilevile lilivyomaliza, na mikwaruzo na uchafu wake.